Maswali ya Wasomaji: Utajuaje Kama Namba Ni Mraba?

Barua nne kati ya tano zilizofika mezani mwezi huu zinauliza jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani na kila mmoja ana shida yake: mzazi anayesahihisha daftari la mtoto, fundi anayepanga sakafu, karani mstaafu anayebishana na mjukuu wake, na mwanafunzi wa kompyuta ambaye programu yake inamdanganya. Wote wanataka kujua namna ya kuitambua namba mraba, yaani namba inayopatikana kwa kuzidisha namba nzima kwa yenyewe, kama 49 ambayo ni 7 × 7, au 144 ambayo ni 12 × 12. Nimewaachia ukurasa wote. Barua ya tano ni fupi, nayo iko jirani na hizo, kwa hiyo nimeiingiza katikati.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la sita. Alipewa zoezi la kuzungushia duara namba mraba kati ya 4,762, 5,184, 6,321 na 7,900. Anayemfundisha tuisheni aliwaambia kwamba namba ikiishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9 ni namba mraba, kwa hiyo akazungushia tatu za mwisho na kuiacha ile ya kwanza. Daftari limerudi na alama mbili nyekundu za mkasi. Mimi niliishia kidato cha pili na baba yake yuko safarini. Aliyekosea ni nani, mtoto au kanuni? (Mama wa watoto watatu, Kizota, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mama. Mtoto hana kosa la kulaumiwa. Kanuni yenyewe ni ya kweli ikisomwa kutoka upande mmoja, ila yeye amefundishwa kuisoma kutoka upande wa pili. Kilicho kweli ni kwamba kila namba mraba huishia na mojawapo ya tarakimu hizo sita. Haifuati kwamba kila namba inayoishia hivyo ni mraba. Kila mbuzi ana miguu minne, lakini ukiona miguu minne imejitokeza chini ya ua usikimbilie kisu, kwani huenda ni mbwa wa jirani.

Sababu ya kanuni hiyo ni rahisi kuionyesha kwa penseli. Ukizidisha 72 kwa 72, mamoja ya jibu yanatoka kwenye 2 × 2 peke yake. Yale makumi saba, kwa namna yoyote utakayoyazidisha, huzaa makumi na mamia tu, wala hayagusi nafasi ya mamoja. Kwa hiyo inatosha kuzidisha kila tarakimu kwa yenyewe, kuanzia 0 hadi 9, na kutazama mwisho wa kila jibu: 0, 1, 4, 9, 6, 5, 6, 9, 4, 1. Tarakimu 2, 3, 7 na 8 hazimo kabisa. Ndiyo maana 4,762 inaondoka bila hesabu yoyote, na hapo mwanao alikuwa sahihi.

Wengi huishia hapo, nami huwa nasikitika, kwa sababu hatua inayofuata ni tamu zaidi na haina jasho. Tazama tarakimu mbili za mwisho badala ya moja. Katika 72 × 72, zao la 70 na 2 linaingia kwenye jibu mara mbili, mara moja kwa kila upande, na kitu kinachoingia mara mbili hakiwezi kuyafanya makumi yawe witiri. Makumi ya jibu yatakuwa witiri ikiwa tu mraba wa mamoja umebeba makumi witiri. Sasa pitia miraba ya tarakimu kumi, yaani 00, 01, 04, 09, 16, 25, 36, 49, 64 na 81: ni 16 na 36 peke yake zenye makumi witiri. Kwa hiyo namba mraba ikiishia na 6, tarakimu yake ya makumi lazima iwe witiri, na ikiishia na tarakimu nyingine yoyote, makumi lazima yawe shufwa. Inayoishia na 5 huishia na 25 bila ubaguzi. Inayoishia na sifuri huwa na sifuri mbili, au nne, au sita, kamwe si moja wala tatu. Ukiihesabu miisho yote kutoka 00 hadi 99 utakuta 22 tu ndiyo inayoruhusiwa, maana yake ni kwamba katika kila namba 100 zinazofuatana, namba 78 zinakataliwa kwa kutazamwa tu.

Kipimo kingine ni kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Namba mraba isiyo sifuri hutoa 1, 4, 7 au 9, basi. Kujumlisha huko ni njia ya mkato ya kugawanya kwa 9 na kutazama kinachobaki, na namba mraba ikigawanywa kwa 9 hubakisha 0, 1, 4 au 7 peke yake.

Turudi kwenye daftari. Namba 6,321 inaishia na 21, ambayo inaruhusiwa, lakini 6 + 3 + 2 + 1 ni 12, na 1 + 2 ni 3, imekataliwa. Namba 7,900 ni janja zaidi, kwa sababu ina sifuri mbili na jumla ya tarakimu zake inashuka hadi 7, hivyo imepita vipimo vyote viwili. Hapo fanya hivi: ondoa zile sifuri mbili. Kwa kuwa 100 ni 10 × 10, kuiondoa au kuirudisha hakubadilishi lolote kuhusu umraba, na kinachobaki ni 79, inayoishia na 9 huku makumi yake, 7, yakiwa witiri. Nayo imekataliwa.

Imebaki 5,184. Mwisho wake ni 84, unaruhusiwa. Jumla ya tarakimu ni 18, kisha 9, inaruhusiwa. Je, ni mraba? Bado hatujui, na hapa ndipo ningependa mtoto asimame kidogo. Vipimo vyote tulivyotumia vinajua kusema “siyo” tu. Kusema “ndiyo” ni kazi nyingine, nayo haikamiliki mpaka kipeuo chenyewe, yaani ile namba inayozidishwa kwa yenyewe, kitajwe na kuzidishwa mbele ya watu.

Kwa mtoto wa darasa la sita kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni ile ya vigawo tasa anayofundishwa shuleni: 5,184 inagawanyika kwa 2 mara sita na kufika 81, kisha 81 inagawanyika kwa 3 mara nne na kufika 1. Mbili ziko sita na tatu ziko nne, kila moja ina mwenzake, hakuna iliyobaki mjane. Chukua nusu ya kila kundi, yaani 2 × 2 × 2 × 3 × 3, upate 72. Kama kigawo tasa kimoja kingejitokeza mara witiri, namba isingekuwa mraba. Njia ya pili ni ya kubana. Mraba wa 70 ni 4,900 na wa 80 ni 6,400, kwa hiyo kipeuo kiko kati ya 70 na 80. Namba inaishia na 4, kwa hiyo kipeuo kinaishia na 2 au 8. Ni 72 au 78, na kwa kuwa mraba wa 75 ni 5,625, ambao tayari umeizidi 5,184, inabaki 72. Kwa namba za kiasi hiki mimi naipenda zaidi hii ya pili, maana inamzoesha mtoto kukadiria. Njia yoyote atakayoichagua, mwambie aandike chini yake “72 × 72 = 5,184”. Mstari huo ndio jibu.

SWALI: Je, 0 na 1 ni namba mraba? Na hasi 9? Wanafunzi wamenibana. (Mwalimu wa shule ya msingi, Manyoni)

JIBU: 0 na 1 ni namba mraba, kwa kuwa 0 × 0 ni 0 na 1 × 1 ni 1. Hasi 9 si mraba; namba nzima ikizidishwa kwa yenyewe haitoi hasi, na hata hasi 3 mara hasi 3 ni 9.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni fundi wa marumaru. Kuna bosi anajenga ukumbi wa pande sawa, naye kanunua marumaru 1,400 za sentimita 40 kwa 40, akaniambia zitajaa ukumbi wa mraba bila kukata hata moja na bila kubaki hata moja. Nimezipanga kichwani usiku mzima hazikai. Nataka namna ya kumwonyesha bila kugombana, kwa sababu bado hajanilipa malipo ya awali. (Fundi, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Fundi, kichwa chako hakina kasoro. Ondoa sifuri mbili za mwisho kwenye 1,400, ubaki na 14: inaishia na 4 na makumi yake ni 1, yaani witiri, kwa hiyo si mraba, na 1,400 nayo si mraba. Hilo linatosha kwako. Bosi atataka kujua zimezidi au zimepungua, na jibu ni kwamba inategemea anautaka ukumbi gani. Mistari 37 yenye marumaru 37 kila mmoja inakula 1,369, na zinabaki 31. Mistari 38 ya marumaru 38 inataka 1,444, na hapo amepungukiwa 44.

Tazama jinsi sakafu inavyokua kutoka 37 hadi 38, maana utaitumia kila siku. Unaongeza mstari mmoja wa marumaru 37 kando ya ukuta huu, mwingine wa 37 kando ya ukuta ule, na moja ya kujaza kona inayobaki wazi. Jumla ni 75, ambayo ndiyo 31 na 44 zikiunganishwa. Kutoka mraba mmoja kwenda unaofuata hakuna kituo cha katikati: ukishapita 1,369, hakuna sakafu ya mraba iliyo kamili mpaka ufike 1,444. Na kwa kuwa kila hatua inaongeza pande mbili zilizo sawa na kona moja, kinachoongezwa daima ni namba witiri: 1, kisha 3, kisha 5, kisha 7, na kuendelea. Ukitaka kulihakiki hilo bila kalamu, chukua kete za bao la mashimo 32, ambazo ni 64. Toa kete 1, kisha 3, kisha 5, kisha 7, 9, 11, 13 na 15. Zinaisha bila kubaki hata moja kwenye mkono wa nane, kwa sababu 64 ni 8 × 8. Ukifanya hivyo kwa kete 60 utakwama: baada ya mkono wa saba zitabaki 11, na mkono unaofuata unadai 15.

Kwa hiyo usimwambie bosi kwamba kakosea. Mwulize ukuta una urefu gani. Bila kuhesabu nafasi za grauti, marumaru 37 za sentimita 40 ni mita 14.8, na 38 ni mita 15.2. Akijibu la kwanza, zile 31 mwachie dukani kwake au stoo, kwani marumaru huvunjika hata zikishushwa kwenye gari kwa adabu. Akijibu la pili, atanunua za kuongeza mwenyewe. Malipo ya awali, hata hivyo, yadai kabla ya kuyazungumza haya.

SWALI: Mbukwa, Mwalimu. Nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Juzi nilimtega mjukuu wangu aliye sekondari kwa kumwuliza kama 81,000,001 ni namba mraba. Akabonyeza kalkuleta yake ndogo yenye nafasi nane, ikamwandikia kipeuo cha pili 9,000, akasema ni mraba. Mimi nilikokotoa kwa mkono nyuma ya karatasi ya bili ya maji, kama tulivyofundishwa zamani, nikapata 9,000 na baki 1. Anasema mashine haikosei na kwamba macho yangu yamechoka. Naomba hukumu, na kama nafasi ipo, waonyeshe vijana njia ile ya mkono, maana naona inakufa nasi. (Mzee, Mpwapwa)

JIBU: Mbukwa, mzee wangu, na shikamoo. Umeshinda, na mtego ulikuwa mkali kuliko pengine ulivyokusudia.

Kipeuo cha pili cha 81,000,001 ni 9,000.0000555 na kuendelea. Hesabu nafasi: nne zimechukuliwa na 9,000, na nne zinazofuata baada ya nukta zote ni sifuri. Tarakimu ya kwanza yenye kitu imekaa nafasi ya tisa, na kioo kina nafasi nane. Mashine inayokata kinachozidi itaandika 9,000 na kunyamaza. Ile inayokadiria ingeandika 9,000.0001 na kumwamsha kijana. Kwa hiyo kalkuleta haikusema uongo. Ilionyesha kilichoenea kwenye kioo, na mjukuu akakisoma kama hati ya kiapo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba namba yako inapita hata vipimo nilivyompa mama wa Kizota hapo juu. Inaishia na 01, mwisho unaoruhusiwa. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 10, kisha 1, nayo inaruhusiwa. Ingenaswa kwa kugawanya kwa 7, kwa sababu namba mraba ikigawanywa kwa 7 hubakisha 0, 1, 2 au 4, na 81,000,001 inabakisha 5. Lakini ni nani hubeba kipimo cha 7 mfukoni? Hukumu isiyokatiwa rufaa ni hii: 9,000 × 9,000 ni 81,000,000, na 9,001 × 9,001 ni 81,018,001. Namba yako iko katikati ya miraba hiyo miwili inayofuatana, na kati ya 9,000 na 9,001 hakuna namba nzima ya kuwa kipeuo chake. Mwambie mjukuu asibonyeze tena kitufe cha kipeuo. Abonyeze 9,000 mara 9,000 kwenye kalkuleta ileile. Itamwandikia 81,000,000, na ile moja iliyokosekana ataiona mwenyewe.

Sasa njia ya mkono, kwa ajili ya vijana. Tuchukue 214,369. Tunaikata jozijozi kuanzia kulia: 21, 43, 69. Jozi ni tatu, kwa hiyo kipeuo kitakuwa na tarakimu tatu. Katika jozi ya kwanza kutoka kushoto, 21, mraba mkubwa unaoingia ni 16, yaani 4 × 4. Tunaandika 4 kwenye jibu, tunatoa 16, na 5 inabaki. Tunashusha jozi inayofuata kando ya 5, tunapata 543. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea: tunaongeza mara mbili jibu tulilonalo, 4 inakuwa 8, kisha tunatafuta tarakimu moja ya kuweka mbele ya hiyo 8 na kuzidisha namba yote kwa tarakimu ileile bila kuzidi 543. Tukijaribu 7 tunapata 87 × 7, ambayo ni 609, imezidi. Tukijaribu 6 tunapata 86 × 6, ambayo ni 516. Tunaandika 6 kwenye jibu, na zinabaki 27. Tunashusha 69, tunapata 2,769. Mara mbili ya 46 ni 92. Tukiweka 3 mbele yake tunapata 923 × 3, ambayo ni 2,769 kamili. Hakuna kilichobaki, na jibu ni 463. Kama kitu kingebaki, hata 1, namba isingekuwa mraba, na tungekuwa tumepata kipeuo cha mraba ulio chini yake.

Vijana huuliza kwa nini tunaongeza mara mbili, nami nilikaririshwa bila kuambiwa. Jibu liko kwenye sakafu ya fundi wa Nkuhungu. Ukiwa na mraba wa 40 kwa 40 na ukitaka kuupanua uwe wa 46 kwa 46, unaongeza kipande cha 40 kwa 6 upande mmoja, kingine cha 40 kwa 6 upande wa pili, na kona ya 6 kwa 6. Vipande viwili vya 40 ni 80, ukiongeza 6 ya kona ni 86, na vyote vina upana wa 6. Ndiyo 86 × 6.

Ukiipitisha 81,000,001 kwenye njia hii, jozi ni 81, 00, 00, 01. Jozi ya kwanza inatoa 9 na haibakishi kitu. Jozi mbili zinazofuata ni tupu, kila moja inatoa sifuri. Ya mwisho ni 01, na mara mbili ya 900 ni 1,800, kwa hiyo hata tukiweka 1 mbele yake tunapata 18,001, ambayo haiwezi kuingia kwenye 1. Tunaandika sifuri na 1 inabaki. Nyuma ya bili ya maji kuna nafasi kubwa kuliko kioo cha kalkuleta.

SWALI: Mwalimu, nasoma mambo ya kompyuta. Nimeandika programu inayotafuta kipeuo cha pili cha namba, kisha inatazama kama kuna desimali. Kama hakuna, inasema namba ni mraba. Kwa namba ndogo haijawahi kukosea. Lakini nilipoipa 9,999,999,999,999,999 ilisema ni mraba wa 100,000,000, jambo ambalo najua haliwezekani. Nimeandika upya mara tatu bila mafanikio. (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

JIBU: Mwanangu, mzee wa Mpwapwa ameshakujibu nusu. Kompyuta nayo ina kioo chake, ila hukioni. Namba za desimali huhifadhiwa kwa kawaida zikiwa na biti 53 za tarakimu, yaani nafasi 53 za 0 au 1, na kwa nafasi hiyo kila namba nzima hadi 9,007,199,254,740,992, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 53, inakaa bila kupotoshwa. Yako imepita hapo. Katika eneo ilipo, namba witiri hazina kiti, kwa hiyo zile tisa zako kumi na sita zilikadiriwa zikawa 10,000,000,000,000,000 hata kabla kipeuo hakijatafutwa. Kilichofuata kilikuwa jibu sahihi la swali ambalo hukuliuliza. Na kama namba ingehifadhiwa salama, bado ungekwama, kwa sababu kipeuo chake halisi kinapungua chini ya 100,000,000 kwa takriban 0.000000005, tofauti ambayo biti hizo haziwezi kuionyesha kwa namba ya ukubwa huo. Ukweli ni kwamba mraba ulio chini ya 10,000,000,000,000,000 ni wa 99,999,999, nao ni 9,999,999,800,000,001. Kati yake na unaofuata hakuna mwingine.

Aibu kidogo: mama wa Kizota angeikataa namba yako bila kompyuta. Inaishia na 9 na makumi yake ni 9, witiri.

Usiandike upya mara ya nne kwa mtindo uleule. Kosa liko kwenye kumwachia kipeuo cha desimali kazi ya kuhukumu. Kitumie kama fununu: kizungushe kwenye namba nzima iliyo karibu, uizidishe kwa yenyewe kwa namba nzima tupu, ulinganishe na namba uliyopewa, na ujaribu pia jirani wa chini na wa juu. Bora zaidi ni kuziacha desimali kabisa na kutumia njia iliyohusishwa na Heron wa Alexandria, aliyeishi Misri katika karne ya 1. Chukua 5,476 na uanze na kisio lisilopungua kipeuo, tuseme 100. Gawanya 5,476 kwa 100 ukitupa desimali, upate 54. Wastani wa 100 na 54 ni 77. Gawanya 5,476 kwa 77, upate 71. Wastani wa 77 na 71 ni 74. Gawanya kwa 74, upate 74, na kisio limeacha kushuka. Zidisha 74 kwa 74: ni 5,476 kamili. Kama zao lingekuwa pungufu, namba isingekuwa mraba. Ikiwa unatumia Python, kazi hiyo imo tayari kwenye moduli ya math kwa jina isqrt tangu toleo la 3.8, lakini iandike kwanza mwenyewe mara moja.

Ukiwa na namba nyingi za kupima, weka kipimo chepesi mbele. Kwa kompyuta kutazama tarakimu mbili za mwisho si rahisi kama kwetu, kwa kuwa yenyewe inahesabu kwa mbili. Kwake ni rahisi kutazama biti nne za mwisho, yaani kinachobaki ukigawanya kwa 16. Namba mraba hubakisha 0, 1, 4 au 9 tu, hivyo robo tatu ya namba zote zinaondoka kwa hatua moja. Ukitumia biti nane zinabaki nafasi 44 kati ya 256. Zinazopita ndizo unazozipeleka kwa Heron.

Jihadhari na jambo moja la mwisho. Katika lugha ambazo namba nzima ina biti 64 zenye alama, kubwa kabisa ni 9,223,372,036,854,775,807. Kisio likizidi 3,037,000,499 na ukalizidisha kwa lenyewe, zao halitaenea, na unaweza kuona namba hasi pale ulipotegemea mraba. Kwa hiyo ijaribu programu yako kwa namba tatu: 81,000,001 ya mzee, ile yako ya tisa kumi na sita, na 9,223,372,030,926,249,001, ambayo ni 3,037,000,499 mara yenyewe. Hiyo ya tatu peke yake ndiyo inayopaswa kupita.